Salesio Akataa Kuwa Mzima

Huku kwetu milimani, mtu akienda hospitali akaambiwa ana ugonjwa mbaya, anaguna, anameza dawa, anangoja. Lakini akiambiwa "hakuna kitu, wewe ni mzima," loo, hapo ndipo usingizi unapompotea. Nani asiyejua? Maana ugonjwa ukiwa mbaya, sisi wa nyumbani hatumwambii mgonjwa ukweli. Tunamletea supu, tunamtandikia kitanda kipya, tunamwambia ni malaria ya zamani, ni vidonda vya tumbo, ni baridi ya Julai. Ugonjwa tunautaja kwa jina lake siku ya mazishi, wakati wa kusoma historia ya marehemu, na mwenyewe hayupo kuusikia. Ni tabia mbaya, na usiniambie kwenu hamna.

Daktari Rwamba aliijua tabia hiyo. Yeye ni binti wa Karurumo, upande wa Embu, aliyeolewa Githongo kule Meru na mwalimu anayeitwa Kiogora. Ni daktari, lakini si wa kupima watu joto. Wagonjwa hawamjui na yeye hawajui. Kinachomfikia ni kipande cha nyama kilichokatwa, kikapakwa rangi na kubandikwa juu ya kioo chembamba. Anakiweka chini ya hadubini na kusema: hii ni saratani, hii si saratani. Hospitali nzima ya pale mjini Meru ilikuwa na daktari mmoja tu wa kazi hiyo, naye ni yeye.

Basi asubuhi moja akaletewa vioo, akasoma jina lililobandikwa pembeni. Salesio, wa Githongo. Mzee. Tezi dume.

Alikuwa baba mkwe wake.

Jamani, nyinyi wa mbali hamwezi kuelewa aibu iliyomshika pale. Huku mkamwana na baba mkwe wana heshima yao, wenyewe huiita nthoni. Mkamwana hakalii kiti cha mzee, hapiti nyuma ya mgongo wake wakati anakula, na neno lolote la kutoka kiunoni kwenda chini halitamki mbele yake. Miaka kumi na zaidi Rwamba alikuwa amekaa na Mzee Salesio kwa heshima hiyo, na walipendana sana. Mzee alimwita Mama Mukiri, kwa sababu kifunguamimba wake alipewa jina la nyanya yake, mke wa mzee. Na sasa vipande vya mzee, vyembamba kama uzi wa kushonea, vilitoka mahali ambapo hata kwa jina hapatajwi, vikawa vimelala mbele yake.

Alijua kwamba mzee alikuwa akisimama nyuma ya zizi muda mrefu bila mafanikio, mpaka mkojo ukaziba kabisa, akawekewa mpira wa kutolea mkojo na mfuko wa kubeba mguuni. Alijua daktari wa upasuaji alichoma sindano kuchukua vipande. Hakujua kwamba angeogopa kiasi hiki. Akapiga moyo konde, akainamisha kichwa, akaangalia.

Tezi ya mwanamume, ukiikuza, ni vijumba vingi vya mviringo. Kila kijumba kina safu mbili za seli. Ya ndani ni ndefu na huonekana vizuri. Ya nje ni bapa, imejibana ukutani, na lazima uitafute. Mzee akizeeka vijumba vinaongezeka na kunenepa, lakini safu zote mbili zinabaki. Huo ni uvimbe wa kawaida, wa mvi. Saratani yenyewe haina adabu. Inajenga vijumba vidogo vidogo, inavisonga, na ile safu ya nje haipo kabisa.

Na Rwamba aliona vijumba vidogo vidogo vimesongamana pembeni mwa kipande kimoja. Akatafuta safu ya nje. Hapa kama ipo, pale kama haipo. Akabadilisha lenzi, akafuta miwani, akaangalia tena. Vile vidoa vikubwa ambavyo saratani hupenda kuviweka katikati ya viini vya seli, hakuviona. Lakini safu ya nje je?

"Mungu wangu," akasema peke yake, "si huyu pia."

Kwa sababu miaka minne nyuma alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho, akasoma kipande cha tumbo la mama mkwe wake. Hicho hakikumpa taabu ya kusoma. Kilikuwa kibaya wazi. Familia ikakaa kikao, ikaamua mama asiambiwe. Na nani wa kwenda kumdanganya mama? Daktari, bila shaka, maana ndiye anayeaminika. Rwamba akaenda, akakaa kitandani kwa Mukiri mkubwa, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Mama, hakuna kitu. Ni vidonda vya tumbo tu." Mama akashukuru. Kabla ya mahindi kukauka walikuwa wamemzika.

Safari hii hakuthubutu kuandika jibu mwenyewe. Alifunga vioo vizuri, akavituma Embu kwa Daktari Njoka, ambaye walisoma pamoja, bila kumwambia ni vya nani. Njoka akampigia simu.

"Rwamba, hii kitu ni shida. Mimi singeandika saratani. Lakini pia singelala."

"Sasa?"

"Sasa tuipake ile rangi."

Ile rangi ni dawa maalumu inayoshika seli za safu ya nje peke yake, ikazifanya kahawia. Safu ikiwepo, unaona pete ya kahawia kuzunguka kijumba. Isipokuwepo, hakuna pete, na mgonjwa ana kesi. Rangi yenyewe ilikuwa Nairobi, na Nairobi ina foleni yake. Siku za kungoja, Rwamba alipika chai akasahau majani, akamtuma Kiogora dukani akasahau alimtuma nini. Kiogora akamuuliza kama ana mimba.

Kungoja huko kulikuwa na kungoja kwingine ndani yake. Mzee Salesio alikuwa anataka kuoa. Ndiyo, na mvi zake zote. Baada ya kukaa mjane alikuwa ameanza kupeleka suruali zake zishonwe Makutano, kwa Cicily, mjane anayeshona sare za shule. Suruali moja ilichanika mara nne. Watoto wakaelewa, wakacheka, wakabariki. Ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, ikabaki moja, ndipo mkojo ukaziba. Na daktari wa upasuaji, kijana asiye na breki mdomoni, alikuwa amemwambia mzee waziwazi kwamba ikiwa ni saratani huenda wakamhasi kama fahali.

Vioo vikarudi. Rwamba alifunga mlango wa maabara.

Kahawia ilikuwepo! Pete, pete, pete. Nyingine kamili, nyingine nusu, nyingine kidogo tu kama ua wa miti ya kayaba uliotafunwa na mbuzi. Hilo halikumshtua. Kuna uvimbe wa namna hiyo, unajifanya saratani kwa sura, vijumba vidogo vimebanana, lakini ua wake upo, japo una mapengo. Saratani haina ua hata wa mti mmoja. Njoka naye alikubali, akatia sahihi: si saratani. Rwamba akaketi, akalia kidogo, akafuta uso, akampigia mumewe.

"Mwambie Baba ni uvimbe wa kawaida. Apasuliwe tu apunguzwe, mpira utoke, aendelee na harusi yake."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiogora, mume mzuri lakini akili yake Mungu anaijua, alikwenda Githongo kwa furaha. Akanunua nyama ya mbuzi. Akanunua blanketi zito na redio mpya. Akamketisha baba yake, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti tamu, "Baba, hakuna kitu. Ni uzee tu."

Mzee Salesio akaiangalia redio. Akaliangalia blanketi. Akamwangalia mtoto wake, akasema, "Asante, mwanangu. Nimeelewa."

Alichoelewa ni kwamba anakufa.

Siku ya tatu yake, mzee mmoja mwenye koti la mvua aligonga mlango wa maabara. Alikuwa Mutegi, wa rika moja na Salesio. Walitahiriwa siku moja na hawajaachana tangu wakati huo.

"Daktari," akasema, akiwa amesimama kwa sababu ya heshima, "huyo rafiki yangu amenionyesha mahali ya kuchimbwa kaburi. Anataka karibu na mama. Migomba amegawa. Majani chai amegawa. Upasuaji amekataa, anasema mtu anayeenda kwa Mungu anarekebishwa bomba ya nini? Na Cicily naye, Salesio amemwambia hamtaki tena."

"Ala! Amemwambia kwa nini?"

"Amemwambia tu roho imegeuka. Lakini mimi ameniambia ukweli. Cicily alizika bwana mmoja, hawezi kumpatia kaburi la pili. Huyo mama amelia mpaka cherehani imenyamaza." Mutegi akavua kofia. "Sasa mimi ni mtu mzima. Niambie. Amebakisha muda gani?"

"Mzee Mutegi, hana saratani. Nakuapia."

Mutegi akamtazama kwa huruma nyingi, akatikisa kichwa taratibu.

"Hata mimi, Daktari? Hata mimi unanificha?"

Rwamba alitaka kucheka, akataka kupiga kelele. Akaona wazi kwamba hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya Mutegi wala ya mzee. Mwongo hata akisema kweli hasadikiwi, na mwongo mwenyewe alikuwa yeye. Aliwahi kulisema neno "hakuna kitu" katika nyumba ile, na neno lile halikuwa na thamani tena hata likiletwa na redio kumi. Angeandika cheti, wangesema cheti kimepikwa. Angemleta Njoka, wangesema wamepangana.

"Mwambie Baba," akasema, "namwomba aje hapa. Si Kiogora anayemwita. Ni mimi."

Mutegi akatoa macho. Mkamwana kumwita baba mkwe wake, tena kwa jambo lile! Lakini alikwenda.

Mzee alikuja amevaa suti ya kanisani, mfuko wake umefichwa ndani ya mguu wa suruali, anatembea polepole kama mtu anayebeba mayai. Alisalimia, akabaki mlangoni. Rwamba alikuwa ameandaa hadubini ya watu wawili, ile ya kufundishia wanafunzi, ambayo mwalimu anaangalia upande huu na mwanafunzi upande ule, na ndani kuna mshale mdogo wa kuonyesha. Ili kuitumia, watu wawili lazima wakae karibu, vichwa vikikaribia kugusana.

"Baba," Rwamba akasema akiangalia sakafu, "mficha uchi hazai. Nisamehe kwa nitakayosema. Hicho ulichotolewa kiko hapa. Sitaki uniamini mimi. Njoo uangalie mwenyewe."

Nje mtu aliburuta ndoo. Mzee Salesio akaangalia kiti, akaangalia mlango, akaangalia kiti. Halafu akafanya jambo la busara sana. Nyumbani wao huzungumza Kimeru, na Rwamba hukichanganya na Kiembu chake. Mzee alikohoa, akahamia Kiswahili.

"Kwa Kiswahili," akasema, "hii maneno haina nthoni sana. Ni kama ya redio. Haya, nionyeshe."

Akaketi. Rwamba akaketi. Mzee alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Naona kofia zangu mwenyewe za macho."

"Hizo ni kope, Baba. Sogea nyuma kidogo. Sasa?"

"We!" mzee akasema. "Ni kama shamba limepigwa picha na ndege."

"Hivyo vya mviringo ni vijumba. Anza na hivi vikubwa. Unaona ile kahawia inazunguka?"

"Kama ua."

"Ni ua. Boma la watu wazima lina ua. Mwizi hajengi ua. Saratani ni mwizi, ikijenga kijumba haiweki hiyo kahawia hata kidogo." Akasogeza kioo, akaweka kingine. "Na hiki ni cha mtu mwingine, jina lake sitakuambia. Ana saratani."

Mzee aliangalia kwa muda mrefu. Vijumba vidogo, vingi, vimetapakaa kila upande, na kahawia hakuna hata doa.

"Maskini," akasema kwa sauti ya chini. "Ameambiwa?"

"Ameambiwa, Baba. Siku hizi nawaambia madaktari wao wasifiche. Ameanza dawa."

"Rudisha yangu."

Akairudisha. Mzee sasa aliushika mshale mwenyewe, akawa anautembeza kijumba kwa kijumba, anakagua kama anayetafuta mti uliooza kwenye ua. Akafika pembeni, pale vijumba vidogo vilipobanana. Mshale ukasimama.

"Hii iko na ua nusu. Hii iko na robo." Akasonga. "Na hii, Mama Mukiri? Hii haina."

Rwamba alijua kijumba hicho. Alikuwa amekiota usiku. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, rahisi, yale yale: Baba, hiyo si kitu. Yangemtuliza mzee, na yeye mwenyewe pia.

"Hiyo sijui," akasema.

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye lenzi.

"Hujui?"

"Sijui, Baba. Ninafikiri ni ndugu ya hizi nyingine, kwa sababu inafanana nazo kwa kila kitu na zimekaa pamoja, na hizi nyingine zina ua. Daktari Njoka anafikiri hivyo pia. Ndiyo maana tumeandika si saratani. Lakini hiyo moja peke yake, ukiniuliza kama naapa, siapi. Kwa hivyo utapasuliwa utolewe mpira, na baada ya miezi sita utarudi tukuangalie tena. Na nikiona kitu, nitakuambia. Wewe mwenyewe, si Kiogora."

Mzee Salesio aliinamia lenzi tena, akakitazama kile kijumba. Halafu mabega yake yakashuka, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akaanza kucheka bila sauti.

"Basi ni kweli," akasema. "Ni kweli siumwi. Mtu anayedanganya hawezi kukuachia pengo. Anaziba yote."

"Ni kweli, Baba."

Akafuta macho kwa kiganja. Kisha akasema, na hili alilisema kwa Kimeru, polepole, "Mukiri alijua."

Rwamba aliiacha hadubini, akamgeukia.

"Alijua tangu siku ile uliyokaa kitandani kwake. Aliniambia mimi siku ya mwisho, sauti imeisha. Alisema, yule mtoto wa Embu hajui kudanganya, macho yake yote yalikuwa ndani ya kikombe. Akasema nisikuambie, utalia."

Na Rwamba akalia, bila kuficha, mbele ya baba mkwe wake, nthoni au si nthoni. Alilia kwa sababu mama alikuwa ameubeba uongo wake kwa mapenzi miezi yote ile, akamshukuru, akamwombea, akanywa dawa ya vidonda vya tumbo ili tu daktari asione haya. Mzee hakumgusa, maana hilo haliwezekani. Alitoa kitambaa cha mfukoni, akakiweka mezani, akakisukuma kwa kidole mpaka kikamfikia.

"Hatukuagana vizuri, mimi na yeye," akasema. "Kila mtu alikuwa anamficha mwenzake kitu ambacho wote tunakijua. Sirudii hiyo kazi. Umekuja na gari?"

"Ndiyo, Baba."

"Nipeleke Makutano."

Walipofika nje ya duka la Cicily, Rwamba alibaki kwenye usukani, kama adabu inavyotaka. Mzee akafungua mlango wake, akamgeukia.

"Tuingie wote. Nikisema uongo, unisahihishe."

Cicily alikuwa nyuma ya cherehani yake, mwanamke mnene mwenye macho mekundu, na wateja wawili walikuwa wanangoja sare. Alipomwona Salesio aliinamia kitambaa chake, akazidi kukanyaga cherehani. Mzee hakungoja wateja watoke. Alisimama katikati ya duka na kusema yote, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa: tezi, mkojo, mpira, mfuko ulioko mguuni sasa hivi, vijumba vyenye ua, na kijumba kimoja ambacho daktari hakijui. Wateja walisahau kufunga midomo. Rwamba aliomba ardhi ipasuke.

"Nilikudanganya roho imegeuka," mzee akamaliza. "Haikugeuka. Nilidhani nakufa, sikutaka unizike. Mama Mukiri, kuna mahali nimesema uongo?"

"Hakuna, Baba."

Cherehani ikanyamaza. Cicily aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya Salesio akiwa amekasirika kabisa.

"Wewe mzee," akasema, "ulifikiri nilikubali kuolewa nikidhani wewe ni kijana? Mimi kukuzika nilishakubali, siku ile ya kwanza uliniambia tuoane. Kudanganywa ndiyo sikukubali."

Cicily akavuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akamgeuza mzee kwa mabega na kuanza kumpima mgongo.

"Simama vizuri. Tazama vile umekonda! Koti lote la harusi nitalipunguza tena, na Jumapili yetu ya tatu ya kutangazwa ni kesho kutwa."